Muda si Muda: Istilahi za Uzalishaji Usiofuja na Karakana za Mashimoni

Ipo imani iliyokita mizizi miongoni mwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, na hata miongoni mwa baadhi ya walimu wetu, kwamba kazi ya kuunda istilahi huanzia mezani: kamusi ya Kiingereza kushoto, karatasi tupu kulia, na mtaalamu katikati akikuna kichwa. Imani hiyo si ya kubezwa. Ndiyo iliyotupatia Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, na mengi mengineyo ambayo bila hayo mijadala yetu ingekuwa mifupi sana. Hata hivyo, mwandishi wa makala haya anaona kwamba kuna taaluma ambazo njia hiyo itatupotosha, na mojawapo ni ile inayofundishwa leo katika viwanda vingi vya Afrika Mashariki chini ya jina la Kiingereza "lean". Ni taaluma ya kuzalisha vitu bila kupoteza mali, nguvu wala wakati. Istilahi zake zahusu mikono ya watu, na wenye mikono hiyo wanayo maneno tayari.

Chimbuko lake ni Japani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ya Toyota haikuwa na mtaji wa kuiga viwanda vikubwa vya Marekani vilivyotengeneza magari kwa maelfu na kuyaweka ghalani yakingoja wanunuzi. Mhandisi wake Taiichi Ohno akajenga utaratibu mwingine: kitu kitengenezwe pale tu kinapohitajika, kwa kiasi kinachohitajika, na kila kasoro isimamishe kazi hadi chanzo chake kijulikane. Wazo hili la mwisho lina umri mkubwa kuliko magari ya Toyota yenyewe. Linatokana na kitanda cha kufumia cha Sakichi Toyoda, mashine ya mwaka 1924 iliyojisimamisha yenyewe uzi unapokatika. Jina "lean" lilikuja baadaye sana. John Krafcik ndiye aliyelitumia katika makala yake ya mwaka 1988, na kitabu cha Womack, Jones na Roos cha mwaka 1990 kikalieneza duniani. Wajapani wenyewe hawakuwahi kuuita utaratibu wao "mwembamba".

Nasi tukilitafsiri jina hilo kwa pupa tutapata "uzalishaji konda". Msomaji na ajiulize: ni nani Afrika Mashariki atakayefurahia kuambiwa kwamba kazi yake sasa itakuwa konda? Katika Kiingereza cha wafanyabiashara, neno hilo laleta taswira ya mwili wa mwanariadha usio na mafuta. Katika Kiswahili, aliyekonda ni mgonjwa, au mwenye njaa, au mwenye mawazo. Miaka ya tisini, maradhi ya UKIMWI yalipokuwa yakimaliza familia zetu, kukonda kulikuwa dalili iliyonong'onwa nyuma ya mgongo wa mtu. Istilahi haiwezi kukana historia ya namna hiyo. Napendekeza tuanzie kwenye kitenzi "fuja", ambacho kila Mswahili ajua kwamba ni kutumia mali ovyo, tuseme "uzalishaji usiofuja". Ni kirefu kidogo, lakini hakimtishi mtu.

Uzito wa hoja yangu, hata hivyo, uko kwenye maneno matatu ya Kijapani ambayo ndiyo nguzo za taaluma hii: muda, mura na muri. La kwanza limewatia walimu wa viwandani katika kichekesho ambacho mwanaisimu hawezi kukipita bila kusimama. Kwa Kijapani, "muda" ni kitu kisicho na faida, upotevu. Kwa Kiswahili, "muda" ni kipindi cha wakati, neno tulilolipata kutoka Kiarabu. Hayana udugu wowote. Yamekutana njiani tu. Basi mkufunzi anapomwambia kibarua "tuondoe muda", kibarua asikia kwamba wakati utapunguzwa, na hakosi kujiuliza ni wakati wa nani: ule wa kazi, au ule wa chakula cha mchana? Wakufunzi wengine huona mgongano huo kuwa bahati njema, eti kwa sababu kupoteza wakati ni upotevu pia. Mimi sioni bahati hapo. Ohno alitaja aina saba za upotevu, na kungoja ni moja tu kati yake. Neno linalokumbusha aina moja na kuficha sita halifai kuwa istilahi. Tuseme "ufujaji", na neno "muda" tuliache lilipo.

Ili kuonyesha kwamba maneno ya aina zote saba tunayo, natukatize hadi Mashimoni. Ni kimojawapo cha vijiji vya Kibera, karibu na Lindi na Laini Saba, na jina hilo halipo Kibera peke yake: Mathare pia wana Mashimoni yao. Kibera inajulikana hadi ng'ambo kwa mafundi wake wa mifupa na shaba, wanaotengeneza vipuli, bangili, vifungo na mapambo mengine yanayouzwa katika maduka ya mbali. Kazi yenyewe yaanza na kile ambacho wengine wamekitupa. Mifupa ya ng'ombe hutoka machinjioni na kwenye mabucha. Huchemshwa ili mafuta na mabaki ya nyama yatoke, hukatwa kwa msumeno wa umeme, husagwa kingo, hutobolewa na kung'arishwa, na mingine hupambwa kwa nta na rangi. Shaba hutokana na mabomba makuukuu, kufuli na vitasa vilivyokwisha kazi, vikayeyushwa upya. Kama kuna mahali ambapo kutofuja ni sharti la kuishi, ndipo hapo.

Tazama sasa aina saba za Ohno zinavyosemeka katika karakana ya namna hiyo. Kutengeneza bangili zaidi ya zilizoagizwa ni "kuzidisha oda". Umeme ukipotea na msumeno ukasimama, mafundi "wanakaa bure". Mfupa ukibebwa kutoka kibanda cha kukatia hadi cha kung'arishia kilicho ng'ambo ya mtaro, kisha ukarudishwa kutobolewa, huko ni "kuzungusha mali". Kung'arisha upande wa kipuli usioonekana ni "kujisumbua". Vipuli vilivyojaa gunia vikingoja mnunuzi ni "pesa zilizolala". Fundi anayeinuka kila mara kutafuta tupa chini ya meza "anahangaika". Na kipuli kilichopasuka wakati wa kutobolewa ni "kazi iliyoharibika". Hakuna hata neno moja hapo lililotoka mezani, na hakuna mfanyabiashara mdogo wa Nairobi asiyeyaelewa. Sisemi kwamba yote yafaa kuingizwa kamusini kama yalivyo. "Kujisumbua" ni pana mno, na "kuhangaika" kuna maana nyingine nzito zaidi. Lakini "mali iliyolala" naiona bora kuliko "limbikizo" tunalolipata katika vitabu vya uhasibu, kwa kuwa yamwonyesha mwenye duka kasoro yenyewe: kwamba mali inayopaswa kuwa mbioni imelala, na fedha zake zimelala pamoja nayo.

Hapa yafaa tukumbuke kwamba karakana imekwisha kuipatia dunia istilahi. Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti yake juu ya Kenya mwaka 1972, lilieneza dhana ya sekta isiyo rasmi, jina linaloitaja sekta hiyo kwa kile isichokuwa nacho. Mafundi wenyewe walijiita "jua kali", kwa kile walichokuwa nacho juu ya vichwa vyao. Jina hilo halikupitishwa na kamati yoyote ya istilahi, nalo kufikia mwaka 1992 lilikuwa limeingia katika waraka rasmi wa serikali ya Kenya kuhusu biashara ndogo ndogo. Leo watafiti wa uchumi hulitumia katika lugha zao bila kulitafsiri.

Mfano wa pili ni "kadogo". Wasanifu wa lugha wanakichukia kiambishi hiki cha "ka-", wakisema udogishaji wetu ni wa "ki-", nao kisarufi wana hoja. Lakini uchumi wa kadogo Kibera haufanani na kitu chochote kinachoitwa kidogo. Ni ununuzi wa mafuta ya kupikia ya kupimiwa, sukari ya vijiko, makaa ya mkebe mmoja. Kununua cha leo kwa pesa ya leo. Mtu akiutazama kwa haraka atasema: huu ndio utaratibu wa Toyota wa kuleta kitu kwa wakati wake! Hakuna ghala, hakuna mali iliyolala. Hata mtungi mtupu unaowekwa foleni penye kibanda cha maji wafanana na kanban, ile kadi ambayo Toyota huitumia kuonyesha kwamba chombo kimekwisha na kinahitaji kujazwa. Nimewahi kusikia mlinganisho wa aina hii ukitolewa kwa furaha, kana kwamba umaskini ni chuo cha menejimenti.

Furaha hiyo si ya haki. Anayenunua kadogo kwa kawaida hulipa bei kubwa zaidi kwa kila kipimo kuliko anayenunua debe. Haweki akiba kwa kuwa hana fedha za kuiweka, na hata angekuwa nazo, chumba ni kimoja, moto huzuka, na ardhi si yake. Mwezi Julai 2018, nyumba na shule zilibomolewa Kibera kupisha barabara inayounganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakahama. Mahali pa namna hiyo, kutoweka akiba ni hadhari. Toyota ilichagua kupunguza ghala lake huku ikiwa na wauzaji wa vipuri walio tayari kuitikia wito. Fundi wa Mashimoni ndiye huyo muuzaji anayepaswa kuitikia wito. Mnunuzi wa ng'ambo anapoamua kwamba yeye hataki mali ilale kwake, kulala huko hakutoweki. Kunahamia mahali pengine, na aghalabu huhamia kwa mtu asiye na mahali pa kuilaza.

Hilo latuleta kwenye maneno mawili yaliyosalia. "Mura" ni kutolingana kwa kazi: wiki hii hakuna oda, wiki ijayo ni kukesha. Kwa dhana hii Kiswahili kina "pandashuka", ambayo tumezoea kuitumia kwa maisha na yaweza kabisa kutumika kwa kazi. "Muri" ni kumtwika mtu au mashine mzigo unaozidi uwezo wake. Katika mafundisho ya Toyota, maovu haya matatu hufungamana. Pandashuka ya oda huleta kuelemewa, na aliyeelemewa huharibu kazi, nayo kazi iliyoharibika ni ufujaji. Mtu hawezi kuondoa la kwanza akayaacha mengine mawili. Lakini katika mafunzo mafupi mafupi yanayotolewa viwandani, ni lile la kwanza linalopata ubao wake na picha zake, huku muri ikitajwa kwa kupita, ikitajwa kabisa. Sababu haihitaji utafiti mkubwa. Ufujaji humgharimu mwenye kiwanda moja kwa moja. Kuelemewa kunamgharimu kibarua kwanza.

Wengi wa vibarua hao ni watu wa Kibera na Kawangware, wanaotembea asubuhi hadi Industrial Area na kusimama langoni wakingoja kuchaguliwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kumfafanulia mfanyakazi mkataba wake kwa lugha anayoielewa, iwapo hajui kusoma au haielewi lugha ulioandikwa kwayo. Ni kifungu kizuri, na wanafunzi wa Kiswahili wangepaswa kukijua kwa moyo. Lakini ubao wa kiwandani si mkataba. Ukiandikwa kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kijapani, kibarua atajifunza lile moja linalorudiwa kila asubuhi: punguza, ondoa, harakisha. Hatajua kwamba mafundisho yale yale yanayotumiwa kumharakisha yanakataza kumlemea. Mtu ambaye hana jina la jambo atalilalamikia kwa kusema amechoka, naye ataambiwa kila mtu huchoka.

Kwa hiyo istilahi ya muri ndiyo yenye dhamana kubwa kuliko zote, na uchaguzi wake ni wa kisarufi kama ulivyo wa kiutu. Tunacho "kulemewa". Ni neno la kawaida, lasikika kila siku: nimelemewa na kazi, nimelemewa na karo. Kasoro yake ni kwamba ni kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa huturuhusu kumsahau mtenda. Aliyelemewa aonekana kana kwamba mzigo umemshukia kutoka mawinguni. Tukiichukua kauli ya kutendesha, tunapata "kulemeza", na kutokana nayo nomino "ulemezaji". Hapo mtenda amerudi. Ulemezaji hauwezi kutokea bila wa kulemeza, awe msimamizi, awe mnunuzi aliyeleta oda ya wiki tatu na kuitaka kwa siku tano. Nawaachia wanasarufi wapime kama umbo hilo latamkika vyema. Nionavyo mimi latamkika. Katika karakana ya mifupa ulemezaji ni pamoja na vumbi: oda ikibana, mtu husaga mfupa saa nyingi kuliko anavyopaswa, kitambaa cha puani kikiwa kimelowa na kisibadilishwe.

Wapo watakaosema kwamba haya ni ndoto, kwamba viwanda havitabadili mbao zao kwa sababu ya makala katika jarida la wanafunzi. Nawaelekeza Tanzania. Mwaka 2007, kwa msaada wa Japani na kwa kujifunza kutoka hospitali ya wanawake ya Castle Street mjini Colombo, Sri Lanka, hospitali za Tanzania zilianza kutumia utaratibu wa S tano, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikitangulia. Majina ya Kijapani ni seiri, seiton, seiso, seiketsu na shitsuke. Waingereza walikuwa wamekwisha kuyatafutia maneno yao matano yanayoanza kwa S. Watanzania nao wakayatafutia ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Mhudumu anayefagia wodi aweza kuyasoma ukutani na kuyatenda. Jambo hilo ni kubwa, na sina haja ya kulipunguza.

Lakini mhakiki ana deni lake. Herufi S imewatawala watunzi kuliko maana. "Sasambua" kwa wengi ni kubambua au kuvua nguo, na wapenzi wa taarabu watakuwa na ya kuongeza; alhali seiri ni kutenganisha kinachohitajika na kisichohitajika. Kwa kitendo hicho tunacho "chambua", kitenzi cha pamba na cha mboga, ambacho hata sisi wa fasihi tumekiazima na hatujakirudisha. "Seti" ni nomino iliyolazimishwa kuwa kitenzi, ilhali "panga" limekaa kando likitazama. Na shitsuke kwa Kijapani ni malezi na nidhamu, ile adabu ya kazi ambayo fundi humrithisha mwanagenzi wake. "Shikilia" ni agizo tu. Ningechagua kupoteza herufi nikaokoa maana. Wenzangu watasema kwamba herufi ndiyo inayosaidia kukumbuka, na kwamba Kiswahili kisichokumbukwa hakisaidii wodini. Mjadala huo ungefaa sana kuendelezwa katika kurasa hizi, maana pande zote mbili zina nguvu.

Wajapani wenyewe, walio na sifa ya kuwa wataratibu, waliwahi kubadilisha istilahi kwa sababu ya mfanyakazi mmoja. Shigeo Shingo, mhandisi aliyefanya kazi na Toyota, alibuni vifaa vidogo vya kuzuia makosa: kishikizo kinachokataa kupokea kipande kilichogeuzwa, kwa mfano. Aliviita baka-yoke, yaani vya kuwakinga wajinga. Mwenyewe amesimulia kwamba katika kiwanda kimoja, mnamo 1963, mfanyakazi mwanamke aliumizwa na jina hilo, akauliza kama yeye ni mjinga kiasi hicho. Shingo akabadilisha neno likawa poka-yoke, kukinga makosa. Chombo kilibaki kile kile. Kwa kufuata umbo la "kipimajoto" na "kinasasauti" sisi tungekiita "kizuiakosa", ingawa katika karakana ya mifupa, kibao kinachomwonyesha fundi urefu wa kukata kinaweza kuitwa kwa jina tulilokuwa nalo tangu zamani, "kigezo".

Vyama vyetu vya wanafunzi vimezoea safari za pwani kuwasikiliza wazee wa lugha, na safari hizo ziendelee. Lakini Kibera iko kilomita chache tu kutoka katikati ya Nairobi. Kinachohitajika ni nauli ya matatu, daftari, na ruhusa ya mwenye karakana, ambayo mtu asiiombe wakati oda ya nje imekaribia.